Ni Sigara Tu

Boti ilikuwa imeshaachia mchanga wa Kagunga na mashine imeshanguruma, lakini dada yangu Honorata alikuwa bado ameshika ubao wa ubavuni, anatembea nasi majini. Maji yalimfika kiunoni, kanga inaelea nyuma yake.

"Mama, achia," nahodha alimwambia. "Utakatwa na pangaboi hapa."

Honorata alikuwa anaongea na binti yake Agnesi, aliyekaa karibu yangu na gitaa langu mapajani.

"Utasema jina."

"Nitasema, mama."

"Jina zima. Catherine binti Samson, wa Kagunga. Useme mama yako yupo, na nyumba ni ileile, mlango tu tumeupaka rangi."

"Nitasema."

"Na useme kwa Kiha. Huko aliko Kiswahili huenda kimeshamtoka."

"Mama, achia boti."

Akaachia. Hakupunga mkono. Boti ilipogeuza pua kuelekea Kigoma nilimwona amesimama palepale anakamua kanga, anaikamua, anaikamua, na bado nusu yake imo majini.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi saa nne asubuhi Agnesi alitakiwa redioni mjini Kigoma, aunganishwe na redio kubwa ya Dar es Salaam, kwa sababu wimbo wake na wenzake wawili ulikuwa namba moja kwenye chati ya nyimbo ishirini kwa wiki ya tisa. Nchi nzima ingesikiliza, na ng'ambo ya ziwa vilevile, maana redio ya Kigoma hewa ikiwa safi inashika hadi upande wa Kongo. Honorata alikuwa amesubiri nafasi kama hiyo miaka kumi na tisa. Hakuwa na haja na namba moja. Alitaka jina la mtoto wake wa kwanza litajwe hewani mara moja, basi.

Catherine aliondoka Kagunga mwaka 2005 na mume wake, Eliakimu, kwenda kutafuta maisha Kongo. Agnesi alikuwa na miaka minane. Aliingia majini kumfuata dada yake mpaka maji yakamgusa kidevu, na Catherine, akiwa ameshapanda mtumbwi wa mashine, akamwambia neno moja la Kiha: "Sigara." Akarudia. "Sigara, Agnesi. Sigara." Kwetu Waha gusigara ni kubaki. Alimwambia baki, usinifuate. Agnesi akabaki. Mtumbwi ukaenda, moshi wa mashine ukakaa juu ya maji kidogo, ukaisha. Tangu siku hiyo hakuna aliyetuletea habari ya Catherine. Wengine walisema mtumbwi ulifika Kalemie. Wengine walisema haukufika popote.

Nilitumwa mimi kumtafuta, kwa kuwa katika ukoo wetu mimi ndiye wa kutembea. Nimekaa Bujumbura, nimekaa Uvira, Mpulungu, Tabora, hadi Lubumbashi nimefika juu ya lori la chumvi. Basi nikaenda Kalemie. Nikamtafuta wiki mbili. Wiki ya tatu nikakuta bendi iliyokimbiwa na mpiga gitaa wake, nikakaa miaka miwili. Niliporudi, dada yangu aliniuliza, "Miaka miwili yote, kaka?" Nikasema, "Yote." Akanichinjia kuku.

Honorata hakuweka matanga. Mchungaji alimshauri, majirani walimshauri, mumewe Samson alimshauri mpaka naye akafa, yake yakawekwa na kuanuliwa. Ya Catherine, hapana. "Matanga ya nani?" alikuwa anawauliza. "Mnamjua aliyekufa?" Watu wakaacha kumwambia.

Sasa huu wimbo. Agnesi ni fundi cherehani, alikuwa na chumba cha kushonea pale Mwanga, mjini Kigoma, pamoja na wasichana wawili: Kuruthumu, mtoto wa Ujiji kwa baba na mama, na Safina, ambaye baba yake ni wa Ujiji na mama yake ni Mha. Wakishona wanaimba. Nilipita hapo nikitoka Mpanda, sina pa kulala, wakaniruhusu kulala chini ya meza ya kukatia nguo. Mimi nikawafundisha soul. Niliijua Bujumbura miaka ya sabini, kwenye baa ya Mgiriki mmoja aliyekuwa na santuri za Wamarekani weusi: akina dada watatu, mmoja anaongoza, wawili wanamjibu, wanaimba kama watu waliotoka kanisani wakapitia kilabuni. Niliwaambia Agnesi na wenzake, msiharakishe, soul haina haraka, mnangoja mpaka neno liive. Siku moja Agnesi alikuwa anapachika vifungo kwenye sare za shule, maneno yakamtoka:

*Moshi umebaki juu ya maji,*
*nami nimebaki na moshi.*
*Sigara, sigara,*
*uliniambia sigara.*

Kundi lao wakaliita Mawese, kwa sababu jina walilolitaka kwanza, Lulu, lilikuwa na wenyewe.

Walirekodi Ujiji kwa Abdulatif, bwana mmoja mwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro ukutani. Abdulatif hajui Kiha. Aliusikiliza mara mbili, akaupenda, akasema waje wiki ijayo. Walipokuja wakakuta wimbo unaanza na mlio wa kiberiti. Chwaa. Halafu mtu anavuta pumzi. Ndipo gitaa langu linaingia. Agnesi alidhani ni mapambo ya studio, hakuuliza. Abdulatif naye hakuuliza. Baadaye alijitetea: "Wimbo unaitwa Sigara, ndani una moshi. Mlitaka nifikirie nini, maharage?"

Hata wenzake. Kuruthumu aliitikia kiitikio mwezi mzima akijua ni wimbo wa mwanamke aliyeachwa na mvutaji. Safina alilijua lile neno la Kiha, lakini alidhani Agnesi amefanya makusudi, maana mbili kwa neno moja, akamwona mjanja. Watu watatu walikuwa wanaimba nyimbo tatu, na sauti zinalingana vizuri sana.

Wimbo ukatoka. Bodaboda wakauchukua, boti zikauchukua, ukapanda treni. Huko Dar es Salaam wakaukuta wapiga muziki wa kumbi, na kufikia mwezi wa sita ulikuwa hauingii baa ukose kuusikia. Kwenye kiitikio watu wananyanyua sigara juu, hata wasiovuta. Walikuwepo waliolalamika kwamba unaharibu watoto, na hilo likausukuma zaidi.

Onyesho la kwanza kubwa lilikuwa uwanjani pale Mwanga. Ubeti wa kwanza mtu alirusha sigara jukwaani. Ubeti wa pili zilikuwa zinanyesha. Agnesi akaendelea kuimba. Tuliposhuka akaniuliza:

"Mjomba, mbona wananirushia sigara?"

Nikamweleza. Alikuwa hajui. Mtu aliyekulia Kagunga na neno lake kichwani halisikii kama wengine wanavyolisikia.

"Kumbe," alisema.

Kuanzia siku hiyo aliimba huku anatazama mbele, uso hauna kitu, kama anayesomea mtu vipimo vya suruali. Na hivyo ndivyo watu walivyompenda. Walisema ana sauti ya mtu aliyemaliza kulia jana. Kuruthumu yeye alikuwa anaziokota sigara zote, anazipeleka kwa mwenye duka, anarudi na uzi na zipu.

Basi, tuko ndani ya boti. Kuruthumu na Safina walikuwa wamekuja nasi Kagunga kumsalimu mama wa mwenzao. Tulipoipita Gombe, mama mmoja mwenye magunia ya dagaa akawakazia macho.

"Ninyi si ndio wale wa sigara?"

"Ndio sisi, mama," Kuruthumu akasema.

"Mbona wembamba? Redioni mnasikika wanene."

Boti nzima ikacheka. Mama akaendelea, "Na mume wangu mmemwonea. Alikuwa ameacha. Tangu wimbo wenu anavuta mbili mbili, anasema anawaunga mkono."

"Mwambie atuunge mkono kwa kitenge," Safina akasema.

Nahodha akatoa sigara moja nyuma ya sikio, akampelekea Agnesi. "Shika, dada. Ya wimbo." Agnesi akaipokea, akasema ahsante, akampa Kuruthumu bila kumtazama. Kuruthumu akaitia mkobani. Niliona wanafanya hivyo kama watu wanaopokezana sindano kazini.

Tulishuka Kibirizi, bandari ya boti pale Kigoma, saa tisa.

Ijumaa tulishinda dukani kwao. Safina alikuwa anapiga pasi magauni matatu ya rangi ya chungwa.

"Redioni hawawaoni," nikamwambia.

"Mjomba umezeeka. Siku hizi redio inaonekana."

Kuruthumu alikuwa kwenye cherehani lakini haikanyagi. Akasema, "Agnesi. Kesho utasema nini?"

"Mama amenituma."

"Najua. Nilikuwemo kwenye boti, nimemsikia. Nakuuliza wewe utasema nini."

"Nitasema jina."

"Ukisema jina, wataulizia. Ukieleza, wataelewa. Wakielewa, nani atanyanyua sigara tena? Mtu anarusha sigara matangani?"

"Wasirushe. Mimi sikuwaomba."

"Mwenzetu amepata wimbo, anataka kuugeuza tangazo la waliopotea."

"Kuruthumu, ustaarabu," Safina akasema.

"Ustaarabu niache. Tumeitwa Mwanza, tumeitwa Dodoma, tumeitwa Mbeya. Mimi nashona kwapa za nguo za watu tangu nina miaka kumi na sita. Mimi sina dada aliyepotea, Agnesi. Dada zangu wote wanne wapo Ujiji, kila siku wananivalia nguo bila kuniomba. Mimi nina huu wimbo tu."

Agnesi hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Alikuwa anachomoa pini moja moja kwenye mto wa pini na kuzirudisha.

"Sura yake siikumbuki," alisema. "Nakumbuka mkono juu ya ubao. Na moshi. Mama akinielezea sura yake, namwona mama mwenyewe. Nikiimba zamani nilikuwa naona ule mkono. Sasa hivi naona sigara."

Kisha akanigeukia mimi.

"Mjomba. Wewe ulimtafuta miaka miwili. Yupo?"

Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Ningesema, nilimtafuta wiki mbili, mitaa mitatu, na soko moja. Ningesema, hakuna aliyemtafuta Catherine, mwanangu, kwa hiyo hakuna anayejua. Ni maneno machache.

"Sijui," nikasema.

"Kwa kuona kwako."

"Kwa kuona kwangu, mtu aliyetafutwa miaka miwili asionekane..."

Sikumalizia. Alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa kitambaa hakitoshi. Akarudisha pini ya mwisho, akasema anaenda kununua vocha.

Jumamosi saa tatu na nusu tulikuwa redioni, ghorofani, chumba kidogo chenye trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi. Mtangazaji wa Kigoma anaitwa Oswald. Wa Dar es Salaam, ambaye tungemsikia kwa simu, anaitwa Bariki. Oswald alitukalisha, akampa kila mmoja soda, akatupanga: Agnesi katikati, wenzake pembeni, mimi nyuma na gitaa, kipaza sauti changu peke yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Wewe utapiga kidogo tu mwanzoni, halafu utulie. Dada zangu, tucheke. Watu wako nyumbani wanafua, wanapika, wanataka kucheka. Agnesi, Bariki atakuuliza ile siri."

"Siri gani?"

"Si watu wanabishana mitandaoni? Wengine wanasema sigara ni bwana, wengine wanasema ni mama mkwe. Kuna Mha mmoja ameandika ati maana yake ni kubaki, wamemcheka mpaka ameufuta ujumbe wake. Wewe mjibu utakavyo. Ila iwe fupi, na iwe tamu."

"Inashika mpaka wapi hii?" Agnesi akauliza.

"Leo? Dada, leo mpaka kwa wavuvi walio katikati ya maji."

Nilijua Honorata yuko wapi saa ile. Kagunga kuna redio ya betri kwa mama muuza chai wa pale ufukweni, na alikuwa ameshaniambia atakaa hapo tangu alfajiri.

Saa nne ikafika. Nikapiga mwanzo, wakaimba ubeti mmoja, vizuri, hata mimi niliyeuzoea nilisikia kwamba ni vizuri. Bariki akaingia na kelele zake. Akawasifu, akawauliza chakula, akamuuliza Kuruthumu kama ameolewa, Kuruthumu akamwambia alete barua Ujiji wazee wataisoma. Huko Dar wakacheka. Halafu akasema:

"Sasa Agnesi, mwenye wimbo. Nchi nzima imekaa kimya. Sigara ni nini?"

Agnesi alikuwa ameweka mikono yote miwili mezani. Alivuta hewa. Nilimwona Safina amefumba macho. Kuruthumu alikuwa anatazama soda yake. Mtu akiwa redioni ukimya wa kidogo tu ni mrefu. Oswald akaanza kuzungusha mkono, endelea, endelea.

"Ni sigara tu," Agnesi akasema.

"Sigara sigara? Hii hii ya kuvuta?"

"Hiyo hiyo."

"Jamani! Nilijua! Yenye kichungi au isiyo na kichungi?"

"Yoyote."

Huko Dar wakapasuka. Mtu alikuwa anapiga meza. Bariki akangoja wamalize, akasema, "Na mzee wangu mpiga gitaa, upo?"

"Nipo," nikasema.

"Wewe unavuta?"

"Niliacha."

"Uliacha lini?"

"Zamani."

"Mzee hana maneno mengi. Haya, tuusikilize namba moja!"

Kipaza sauti changu kilikuwa wazi muda wote ule. Taa nyekundu ilikuwa inawaka mbele yangu. Ninalijua jina zima la mtoto yule, na Kiha nakijua kuliko Agnesi. Nilikuwa nimeshika gitaa.

Tulipotoka, Oswald alimshika Agnesi mkono, akamwambia amejibu kama mtu mzima. Kuruthumu alimkumbatia, akamng'ang'ania, akalia yeye. Agnesi alikuwa ameacha mikono inaning'inia. Akasema ana njaa. Tukaenda kula ugali na migebuka, akala yake, akala na ya Safina.

Simu ilitukuta tunanawa. Haikuwa ya Agnesi, ilikuwa yangu.

"Kaka Gasper."

"Naam, dada."

"Nimesikia."

"Ndiyo."

"Hapa kwenye chai walicheka wote. Mama muuza chai alicheka mpaka akamwaga." Akakohoa. "Kesho kuna boti?"

"Ipo."

"Njoo na unga. Magunia mawili. Na sukari, na majani ya chai. Maharage ninayo."

"Unga wa nini, dada?"

"Wa matanga."

Niliuliza ya nani. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ya Catherine," alisema. "Aliyeambiwa lile neno ni Agnesi. Si mimi, si wewe. Nimekaa miaka yote hii nikisema, siku Agnesi akiacha kubaki pale majini, na mimi nitaondoka. Leo amesema ni sigara tu. Basi, imekwisha. Usimgombeze."

Sikuwa na nia ya kumgombeza.

Jumapili tukapanda boti na unga, Agnesi na mimi. Wenzake waliahidi kuja Jumanne, wakaja, pamoja na vitenge vya mama. Kagunga tulikuta turubai limeshafungwa, wanawake wanachagua maharage, wanaume wanapasua kuni. Honorata alikuwa ameketi kwenye mkeka, amenyolewa nywele. Agnesi akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umechoka?"

"Ndiyo."

"Nenda kalale. Kitanda cha ndani nimekitandika."

Akaenda kulala. Alilala mchana ule wote na kesho yake yote, watu wanaingia na kutoka wanampita.

Kulikuwa na mambo ya kupanga. Mzee mmoja alisema lizikwe gogo la mgomba, kaburi lisikae tupu. Honorata akasema migomba yake ina mikungu, hakati. Tukakubaliana lisiwepo kaburi, liwepo jina tu kwenye daftari la kanisa. Mchungaji akakaa na daftari mapajani.

"Catherine binti Samson. Amefariki lini?"

Watu wakatazamana. Mmoja akasema aandikwe 2005. Mwingine akasema hapana, kaka yake mama alimtafuta Kongo miaka miwili akamkosa, basi iandikwe 2007. Wote wakanigeukia, na Mchungaji akanigeukia, kalamu mkononi.

"Mzee Gasper, ni kweli?"

Honorata ndiye aliyejibu. "Alimtafuta. Miaka miwili. Mungu anajua." Akanyoosha mkono akaligusa lile daftari. "Lakini andika Jumamosi hii iliyopita. Saa nne asubuhi."

"Mama Catherine, hilo..."

"Andika."

Mchungaji akaandika. Mimi niliinuka nikaenda kupasua kuni. Zilikuwa nyingi, na shoka lilikuwa butu, nikapasua mpaka wakaniita kula. Hakuna aliyeniuliza kitu tena. Siku ya nne matanga yakaanuliwa, turubai likashushwa, mkeka ukakung'utwa, Honorata akaenda shamba.

Hayo yalikuwa mwaka jana.

Wimbo ulikaa namba moja wiki kumi na moja, kisha ukashushwa na wa kijana mmoja wa Tanga. Mawese walikwenda Mwanza na Dodoma. Mbeya hawakufika, mwandaaji alibadilisha tarehe, halafu akaacha kupokea simu. Walirekodi nyimbo nyingine tatu, hazikupigwa. Safina ameolewa Tabora na dereva wa treni, ana mtoto. Kuruthumu anaimba Ijumaa na Jumamosi kwenye hoteli moja ya Kigoma, nyimbo za watu wengine zaidi, na ule wakiuomba. Siku nyingine anashona. Abdulatif amefunga studio, anauza makava ya simu, magodoro aliyagawa. Oswald aligombea udiwani, akashindwa kwenye kura za maoni, amerudi redioni. Agnesi yuko palepale Mwanga, amechukua zabuni ya sare za shule mbili na ameajiri mafundi wawili. Haimbi. Hajakataza mtu kuimba. Honorata aliugua malaria mwezi wa pili, akapona, amepanda mihogo sehemu ambayo alikuwa haipandi. Huwa ananipigia simu Jumapili, tunasalimiana. Mimi niko Ilagala tangu Machi, nashona nyavu za mtu, gitaa nililiuza Uvinza. Eliakimu, mume wa Catherine, hajawekewa matanga. Ndugu zake walikuwa Burundi, na hakuna hata mmoja wetu anayejua kijiji.